Kuingilia Shamba la Mtu: Korti Huangalia Nini?

Somo la kusoma na kujadiliana kikundini



Ukitembelea vikundi vya kujisaidia kuanzia Ruiru hadi Thika, hutamaliza siku mbili kabla hujasikia habari ya ploti. Huyu ameuziwa ploti iliyo na mwenyewe. Yule amekatazwa kupita njia aliyoipita tangu utotoni. Mwingine ameitwa kwa chifu, na mwingine amelala seli. Kwa hivyo tumeonelea tutumie nafasi hii kueleza sheria ya kuingilia ardhi ya mtu, na zaidi, jinsi korti zinavyoielewa sheria hiyo. Sheria kwenye kitabu ni fupi. Shida huja hakimu anapouliza maswali, na watu hawakujiandaa kuyajibu.

Tuanze na habari ya kikundi kimoja. Tumebadilisha mambo madogo ili wenyewe wasitambulike.

Akina mama kumi na wanne walichanga pesa kwa miaka mitano. Wakanunua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Ruiru kutoka kwa mzee aliyekuwa na cheti cha sheya cha kampuni ya kununua mashamba, pamoja na karatasi ya balloti. Wakaandikiana, wakaonyeshwa bikoni, wakapanda maharagwe. Msimu wa pili walipoenda kupalilia, wakakuta mtu amesimama hapo na taito mkononi. Walibishana, wakarudi nyumbani. Ijumaa iliyofuata, jioni, wakaenda kuvuna, na watatu wao wakashikwa. Walilala seli mpaka Jumatatu.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Mwishowe hakimu akawaachilia. Siku hiyo kulipikwa chapati na watu wakaimba hadi usiku. Kisha wakafanya kosa lililowagharimu kuliko kesi yenyewe: waliuchukua ule uamuzi kana kwamba ndio taito yao. Wakanunua mawe, wakaita fundi, wakachimba msingi. Mwenye taito alienda kwenye mahakama ya ardhi, akapata amri ya kuwasimamisha. Mawe yakabaki kwenye nyasi, na fundi akaanza kuwadai.

"Sasa tulishinda nini?" mmoja wao alituuliza. Somo hili ni jibu la swali lake.

SHERIA YENYEWE

Kosa hili liko katika Sheria ya Kuingilia Ardhi, Sura ya 294 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 3 kinasema kwamba mtu anafanya kosa akiingia katika ardhi ya kibinafsi, au akikaa humo, au akijenga kitu, au akilima, au akilisha mifugo, bila sababu ya haki na bila idhini ya anayeishikilia ardhi hiyo.

Soma tena maneno hayo polepole. Kosa si kuingia peke yake. Hata aliyeingia kwa ruhusa anaweza kuwa na kosa akikataa kutoka ruhusa ilipokwisha. Kwa mfano, umekodisha robo eka ya kupanda sukuma wiki kwa mwaka mmoja. Mwaka umeisha, mwenyewe amekuambia uvune utoke, nawe unaanza kupanda upya. Hukuruka ua la mtu, lakini unakaa bila idhini.

Tena ona kwamba sheria haisemi tu "mwenye taito". Inasema anayeishikilia ardhi. Anaweza kuwa mwenye hati, na anaweza kuwa mpangaji aliyekodishwa kihalali. Kwa hivyo hata mwenye shamba akilikodisha kwa mkataba, asidhani anaweza kuingia na jembe wakati wowote apendavyo.

Kuna nchi ambako kuingia tu katika shamba la mtu, bila kuharibu wala kuiba, kwa kawaida si kosa la jinai. Huko Uingereza, mara nyingi ni kesi ya madai, mwenye shamba na aliyeingia wakabiliane wenyewe. Hapa kwetu polisi wanahusika tangu mwanzo, na mtu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Ndiyo sababu watu wengi wenye ugomvi wa shamba hukimbilia kituo cha polisi kabla ya kwenda ofisi ya ardhi. Seli inaogopesha kuliko barua ya wakili.

MAMBO AMBAYO KORTI HUULIZA

Mshtakiwa akikana, upande wa mashtaka haushindi kwa kusema tu "tulimkuta pale". Kuna mambo ya kuthibitisha, moja baada ya jingine.

Kwanza, ni ardhi gani? Namba yake ni ipi, na mipaka yake iko wapi? Jambo hili linaonekana dogo, lakini kesi nyingi huvunjikia hapa. Mlalamishi analeta taito ya ploti fulani, lakini hakuna sabeya aliyekuja kueleza kwamba mahali mshtakiwa alipolima ndipo ploti hiyo ilipo. Bikoni zimeng'olewa au ua limesogezwa, na kila mtu anaonyesha kwa kidole. Korti haiwezi kumfunga mtu kwa kidole.

Kama ugomvi wenu ni wa mpaka tu, jirani na jirani, pa kuanzia si polisi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, imempa Msajili wa Ardhi kazi ya kuamua mipaka ya ardhi iliyosajiliwa. Andika barua kwake, atakuja na sabeya, na nyote mtaitwa.

Pili, mlalamishi anaishikilia ardhi hiyo kwa haki gani? Ataonyesha hati, mkataba wa kukodisha, au ushahidi mwingine. Tatu, ni kweli mshtakiwa aliingia au alikaa pale? Nne, alikuwa bila idhini?

Mambo hayo ni mzigo wa upande wa mashtaka, na lazima uyathibitishe bila kuacha shaka ya maana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine.

Lakini hapa kuna kona ambayo watu wengi huanguka. Kifungu hicho cha 3 cha sheria ya kuingilia ardhi kinaendelea kusema kwamba kuonyesha idhini au sababu ya haki ni kazi ya mshtakiwa. Yaani upande wa mashtaka ukishaonyesha kwamba ardhi ni ya fulani na wewe ulikuwa ndani, hakimu atakugeukia wewe. Ukinyamaza, utakuwa umemwachia mwenzako uwanja. Hutakiwi kuthibitisha kwa uzito ule ule wa upande wa mashtaka. Inatosha korti ione kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa ya kweli. Lakini lazima uyatoe, na uyatoe na karatasi au mashahidi.

SABABU YA HAKI NI NINI?

Hapa ndipo moyo wa somo letu ulipo. Sheria haikutoa orodha ya sababu za haki. Imewaachia mahakimu wapime kila kesi.

Pamoja na hiyo, kuna kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kinasema mtu hana hatia ya jinai katika kosa linalohusu mali kama alifanya alichofanya akidai haki yake kwa nia safi, bila kusudi la kudanganya. Angalia vizuri: hakisemi dai lake lazima liwe la kweli. Kinasema liwe la nia safi. Mtu anaweza kuwa amekosea kabisa kuhusu ploti, na bado asiwe mhalifu.

Ndiyo maana wale akina mama waliachiliwa. Walikuwa na makubaliano ya kununua, stakabadhi za malipo, cheti cha sheya na karatasi ya balloti ya aliyewauzia. Hakimu hakusema ploti ni yao. Alisema hakuonyeshwa kwamba waliingia pale wakijua ni ya mtu mwingine.

Historia ya huku kwetu inaeleza kwa nini kesi kama hizi ni nyingi. Baada ya uhuru mwaka 1963, walowezi wengi waliuza mashamba yao ya kahawa na makonge. Wananchi waliokuwa na pesa kidogo walijiunga katika makampuni na vyama, wakanunua shamba zima, kisha wakagawana kwa sheya na kura. Wengi walipata taito zao vizuri. Lakini pengine rejista ya wanachama haikutunzwa, au ploti moja ilitolewa kwa watu wawili, au mwanachama alikufa na watoto wakauza kila mmoja kivyake. Leo watu wawili wanasimama kwenye ploti moja, kila mmoja na karatasi yake, na wote wanasema ukweli wanaoujua.

Tutoe mifano mingine.

Mama amefiwa na mume. Anaendelea kulima shamba waliloishi, na shemeji anampeleka polisi akisema shamba ni la ukoo. Kama ardhi iko kwa jina la marehemu na mirathi haijafanywa, shemeji hana mamlaka ya kuigawa wala kuishika. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Mama huyo ana sababu ya haki kuwa pale. Lakini asikae tu. Afungue mirathi, maana bila hiyo ataitwa polisi mwaka huu na mwaka ujao.

Mfano mwingine: watoto wanakata njia katikati ya shamba kubwa kwenda shule, na njia hiyo imepitwa miaka mingi bila mtu kukataza. Korti itauliza kama njia ilijulikana na kama mwenye shamba aliikubali. Lakini akishaifunga na kuweka kibao, kuvunja ua si jibu. Haki ya njia huombwa kwa Tume ya Taifa ya Ardhi au kortini.

Sasa upande wa pili. Tarehe 27 Machi 2023, siku ya maandamano, kundi la watu lilivamia shamba la Northlands huko Ruiru. Miti ilikatwa na kondoo wakaibiwa. Wapo waliosema shamba ni kubwa mno na wenyewe ni matajiri. Hiyo si sababu ya haki mbele ya hakimu. Wingi wa watu si idhini, na ukubwa wa shamba la mtu si ruhusa kwa jirani. Anayeamini ardhi fulani ilichukuliwa kwa dhuluma tangu ukoloni ana mahali pa kupeleka dai lake. Katiba, kifungu cha 67, iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Njia hiyo ni ndefu na inachosha, tunajua. Lakini aliyeingia na panga hupoteza hata dai alilokuwa nalo.

Mtu akijitetea kwa nia safi, korti itaipima nia hiyo kwa mambo yanayoonekana. Ulikuwa na karatasi gani? Ulifanya upekuzi, yaani sachi, kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kununua? Na hili ndilo kubwa: ulipoonyeshwa taito ya mwingine, ulifanya nini? Aliyeenda kuuliza kwa msajili anaonekana tofauti na aliyerudi usiku kupandisha mabati. Nia safi inaweza kuisha siku unapopata habari.

KORTI YA JINAI HAIGAWI MASHAMBA

Sasa tumjibu yule mama. Kesi ya kuingilia ardhi huuliza swali moja tu: huyu mtu ana hatia au hana? Haiulizi ploti ni ya nani milele. Majaji wa rufani wamesema mara nyingi kwamba mahakama ya jinai si pa kumalizia ugomvi wa umiliki.

Umiliki una mahakama yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 162, iliagiza kuwe na mahakama ya kusikiliza mambo ya mazingira na ardhi, na iko hapa Thika pia. Mahakimu walioteuliwa rasmi wanaweza kusikiliza kesi za ardhi ambayo thamani yake haizidi kiwango chao.

Hata huko, taito ni ushahidi mzito lakini si mwisho wa mambo. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema hati iliyotokana na ugawaji usio halali haimlindi anayeishika, hata kama aliinunua. Mizizi ya hati huangaliwa. Basi mwenye cheti cha sheya asikate tamaa, na mwenye taito asilale.

Je, ukifungua kesi ya ardhi, ile ya jinai inakufa? Hapana. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu zote mbili ziendelee. Lakini Mahakama Kuu inaweza kusimamisha kesi ya jinai ikionekana imeletwa kuwa kiboko cha kumlazimisha mtu aache dai lake. Jinai haikuwekwa iwe njia ya mkato ya kufukuza watu.

MWENYE SHAMBA NAYE ANA MIPAKA

Wengine wetu ndio wenye shamba. Kikundi kikiingiliwa, kina haki ya kulindwa na sheria. Lakini haki hiyo haina rungu ndani yake. Unaweza kumkamata mtu anayeharibu mali yako, lakini ni lazima umpeleke kwa polisi bila kuchelewa. Kumpiga ni kosa lako wewe. Mwaka 2023 magazeti ya hapa na ya ng'ambo yaliandika madai mazito ya watu kuumizwa na walinzi katika mashamba ya mananasi karibu na Thika. Mwizi wa nanasi ana kosa lake, naam. Lakini hakuna sheria Kenya inayosema adhabu ya nanasi ni mfupa uliovunjika.

Na kama watu wamejenga na wanaishi, usilete tingatinga usiku. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152E, inamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi atoe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Siku ya kuondoa watu, wanaohusika wajitambulishe, waonyeshe idhini yao, na walinde utu wa watu, hasa watoto, wazee na wagonjwa.

Kumbuka pia miaka 12. Aliyekaa wazi kwenye ardhi ya kibinafsi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe na bila kusumbuliwa anaweza kuiomba mahakama ya ardhi imwandikishe. Aliyekodishwa au kukaribishwa hawezi kudai hivyo, na ardhi ya umma haiguswi. Kwa hiyo mwenye ploti aitembelee, na akimweka mtu pale waandikiane.

UKISHIKWA, AU UKIINGILIWA

Ukishikwa, usipigane na polisi. Uliza kosa lako, na uombe bondi. Katiba, kifungu cha 49, inataka upelekwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kushikwa Ijumaa jioni kunauma. Kwa hivyo kama kuna ugomvi, kikundi kiwe na mtu aliye tayari kuja kuweka bondi.

Usikubali kosa mbele ya hakimu ili tu urudi nyumbani mapema. Ukikubali, utakuwa umesema mwenyewe kwamba huna haki pale. Sema ulivyo nayo, taja karatasi zako, taja mashahidi. Asiyeweza kulipa wakili aulizie msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Ukihukumiwa na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufani Mahakama Kuu.

Kabla ya yote hayo, kila kikundi kiweke faili moja: makubaliano, stakabadhi, matokeo ya sachi, ramani, barua zote, na namba za OB. Nakala moja ikae kwa mweka hazina na nyingine kwa katibu. Karatasi iliyoliwa na mchwa haitoi ushahidi.

Na wale akina mama kumi na wanne? Walijiunga katika kesi kwenye mahakama ya ardhi, na wamemuita mzee aliyewauzia aje aeleze. Tulipowatembelea mara ya mwisho kesi ilikuwa haijaamuliwa. Mawe bado yako pale. Walikuwa wamekodisha shamba dogo mahali pengine, kwa mkataba wa maandishi, na maharagwe yalikuwa yameshachanua. Yule aliyetuuliza swali alituonyesha faili yao, imefungwa kwa kamba ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema, "Safari hii tunangoja korti inayogawa."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ploti ya kikundi chetu: tunazo karatasi gani leo, na ni nani anajua ziko wapi? Mara ya mwisho tulifanya sachi lini?

2. Jirani amesogeza ua hatua mbili ndani ya shamba lenu. Mtaanzia kwa nani, na kwa nini si polisi?

3. Mwanachama amenunua ploti na baadaye akaonyeshwa taito ya mtu mwingine. Kuanzia siku hiyo, afanye nini ili nia yake ibaki safi?

4. Katika kijiji chetu, kuna mjane anayetishwa kwamba analima shamba la watu? Ni nani kati yetu atamsindikiza kufungua mirathi?

5. Mtu akikutwa ndani ya shamba letu usiku, tumekubaliana tutafanya nini, na hatutafanya nini?